Kichanga asiye na jina: jinsi ya kufuatilia jalada lililolala miaka mingi

Kabla hujasoma ukurasa wa kwanza wa jalada, jiulize unamtafuta nani. Wengi wanaoanza kufuatilia kesi za vichanga waliokutwa wametupwa humtafuta mama. Wanataka ajulikane, ahojiwe, aadhibiwe. Mimi nakuomba umtafute mtoto: alizaliwa lini, ni wa ukoo gani, amelazwa wapi. Anayemtafuta mama humwona kila mahali, na hapa chini utaona jinsi macho ya namna hiyo yalivyomtesa mwanamke asiye na kosa. Anayemtafuta mtoto hushika kile kilichopimwa na kuandikwa, na huko ndiko majalada mengi yalikofungukia.

Hatua ya 1: Jua ni jalada la aina gani

Ziko namna tatu. Kuna mtoto aliyekutwa amefariki, asijitokeze mtu wa kumdai. Kuna aliyeokotwa hai, akalelewa kwa jina la kupewa, na leo ni mtu mzima anayeuliza alikotoka. Na kuna mtoto ambaye jina na wazazi wake wanajulikana, ila yeye mwenyewe hajulikani aliko.

Usiziwekee ukuta, maana huingiliana. Januari 1981 miili ya mwanamume na mwanamke ilikutwa msituni eneo la Houston, Texas. Walizikwa bila majina. Mwaka 2021, miaka 40 baadaye, DNA iliwatambua kuwa ni mume na mke vijana, na ndugu zao wakauliza swali ambalo halikuwamo jaladani: mtoto wao je? Walikuwa na binti mdogo, na pale msituni hakukuwa na mwili wa mtoto. Juni 2022 ikatangazwa kwamba yu hai, ana miaka 42. Alikuwa ameachwa kanisani huko Arizona na kulelewa na familia nyingine. Basi ukikuta jalada la watu wazima wasiojulikana, hasa mwanamke kijana, uliza kama ripoti ya daktari inasema aliwahi kuzaa.

Hatua ya 2: Rudi siku ya kwanza

Tafuta habari ya kwanza kabisa iliyochapishwa, ya siku ile au kesho yake, kisha za wiki nzima iliyofuata. Habari zilizoandikwa miaka 10 au 20 baadaye huwa zimenakiliwa kutoka kwa zilizotangulia, na kosa likiingia mara moja halitoki. Nimeona tarehe ya mazishi ikigeuka kuwa tarehe ya kuokotwa, kisha kila aliyefuata akaibeba hivyo hivyo.

Chukua daftari, ugawe ukurasa safu tatu. Ya kwanza, kilichoonwa na mtu: aliyeokota alikuwa nani (mkulima, mfagiaji, watoto wanaocheza), saa ngapi, mtoto amelala vipi, amefunikwa na nini. Ya pili, kilichopimwa: uzito, urefu, jinsia, kundi la damu. Ya tatu, kilichodhaniwa: "inaaminika mama ni mwanafunzi", "huenda alitoka mji wa jirani". Utashangaa jinsi safu ya tatu inavyojaa haraka. Usiifute, lakini usijenge juu yake.

Andika pia hali ya hewa ya siku zile, barabara zilizopita pale, na kama eneo lilikuwa la watu kupita au la kujificha. Mtoto aliyeachwa mlangoni pa hospitali, amevikwa vizuri, aliachwa na mtu aliyetaka aokotwe. Hiyo ni habari kumhusu aliyemwacha, na inakupa kiasi cha huruma utakachohitaji baadaye.

Hatua ya 3: Soma ripoti ya daktari bila kuiongezea chumvi

Kwa aliyefariki, ripoti ya uchunguzi wa maiti ndiyo nguzo ya jalada. Mara nyingi hutaipata yote, ila muhtasari wake hutangazwa. Nchini Marekani kuna hifadhidata ya NamUs, iliyo wazi kwa umma bila malipo, inayoorodhesha watu waliopotea na miili isiyotambuliwa, vichanga wakiwemo. Kwingine utategemea magazeti na kumbukumbu za mahakama ya uchunguzi wa vifo.

Umri ndio wa kuangalia kwanza. Kitovu hukauka na kudondoka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 15 baada ya kuzaliwa. Kikiwapo bado kibichi, mtoto ni wa saa au siku chache. Kimefungwaje? Kibano cha plastiki kinaelekeza hospitalini au kwa mkunga mwenye vifaa. Uzi wa kushonea, kamba ya kiatu, au kitovu kilichokatika bila kufungwa vinasema mengine kabisa. Kwa mifupa iliyokaa muda mrefu, wataalamu hupima urefu wa mifupa ya mikono na miguu kukadiria wiki za mimba. Hutazama pia meno, ambayo huanza kujengeka ndani ya ufizi kabla ya kuzaliwa. Katika gamba la jino hubaki mstari mwembamba wa siku ya kuzaliwa, unaoonekana kwa darubini. Kwa kawaida mtoto anahitaji kuishi wiki moja hivi ili mstari huo uonekane wazi, kwa hiyo kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba alizaliwa mfu.

Sehemu moja ya ripoti za zamani isomwe kwa tahadhari kubwa. Tangu karne ya 17 madaktari walikuwa wakiweka mapafu ya kichanga kwenye maji: yakielea, wanasema mtoto alivuta pumzi, yakizama, alizaliwa mfu. Wanawake walihukumiwa kwa kipimo hicho. Lakini mwili unapoanza kuoza hutoa gesi inayofanya hata mapafu ambayo hayakuwahi kuvuta hewa yaelee, na mtu akijaribu kumpulizia mtoto pumzi huingiza hewa pia. Ukisoma "aliuawa baada ya kuzaliwa hai", tafuta msingi wake. Kama msingi ni mapafu yaliyoelea peke yake, hamishia sentensi hiyo safu ya tatu ya daftari lako.

Hatua ya 4: Viorodheshe vitu alivyoachwa navyo

Hapa ndipo mtu wa kawaida anaweza kumpita mpelelezi, kwa sababu mpelelezi ana majalada mia na wewe una moja.

Mwaka 1739 ilianzishwa London hospitali ya kupokea watoto walioachwa, na watoto wa kwanza waliingia mwaka 1741. Kila mtoto alijaziwa fomu ya alichovaa, na mara nyingi kipande cha nguo kilikatwa na kubanwa kwa pini kwenye fomu hiyo, kwa kuwa mtoto angepewa jina jipya na kitambaa ndicho kingemtambulisha mama akirudi. Maelfu ya vipande hivyo bado vipo. Kimoja ni cha viraka vilivyoungwa na kutariziwa moyo mwekundu, kimekatwa katikati. Mvulana aliyeachwa nacho aliingia mwaka 1767. Miaka 8 baadaye mama yake alirudi na kumchukua, na nusu ya pili alikuwa ameitunza. Wengi wa wenzake hawakudaiwa kamwe. Mimi nikisoma "alikutwa amezungushiwa kitambaa" kwenye jalada la leo, huwa nauliza: kitambaa gani?

Basi uliza hivyo. Kila kitu kipe mstari wake: blanketi, nepi, taulo, shati la mtu mzima, mfuko, sanduku, gazeti la kufungia. Andika rangi, saizi, lebo, alama ya dobi, jina la kiwanda, mshono wa mkono au wa mashine. Taulo za hoteli na mashuka ya hospitali huwa na alama. Gazeti lina tarehe na toleo, na toleo la mkoa halifiki kila mahali. Kama kuna picha ya kitu chenyewe, watafute watu wanaokijua: wafumaji, wakusanyaji wa nguo za zamani, wastaafu wa kiwanda. Waulize swali moja tu: kiliuzwa wapi na miaka gani. Usiwaeleze kisa chote mwanzoni, maana mtu akijua unachotaka kusikia atakupa.

Kisha uliza kama vitu hivyo bado vipo stoo ya ushahidi. Blanketi lililohifadhiwa kavu kwenye mfuko wa karatasi linaweza kuwa na DNA ya mtu mwingine aliyelishika.

Hatua ya 5: Linganisha, lakini usikimbilie kufananisha

Ungetegemea kwamba kazi kubwa ni kupekua orodha ya watoto waliopotea. Kwa vichanga orodha hiyo husaidia mara chache. Mtoto wa saa tatu hajasajiliwa, hana picha, hana rekodi ya daktari wa meno, na aliyemwacha ndiye mtu pekee aliyejua kwamba yupo. Hakuna wa kuripoti.

Kwa hiyo linganisha na walioachwa wengine. Januari 2024 mtoto wa kike aliyetoka kuzaliwa aliokotwa mashariki mwa London, kwenye baridi kali, akapewa jina Elsa. DNA ilionyesha ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na watoto wengine wawili waliookotwa eneo hilo hilo, mmoja mwaka 2017 na mwingine mwaka 2019. Chora ramani: eneo, mwaka, msimu, namna ya kufunikwa, namna kitovu kilivyofungwa. Majalada mawili yaliyo vituo viwili tofauti huenda hayajawahi kuwekwa meza moja.

Ufanano wa sura uogope. Aprili 1964 mwanamke aliyevaa kama muuguzi aliiba mtoto wa siku moja katika hospitali moja ya Chicago. Mwaka 1965 mvulana mdogo alikutwa ameachwa Newark, New Jersey. Wachunguzi walilinganisha masikio yake na picha pekee ya mtoto aliyeibwa, wakaona yanashabihiana, na wazazi wakakabidhiwa mtoto. Alikua akijua yeye ndiye. Mwaka 2012 akapima DNA: hakuwa mtoto wao. Mtoto halisi alipatikana mwaka 2019, mtu mzima, Michigan. Kwa takriban miaka 50 hakuna aliyemtafuta yeyote kati yao, kwa sababu jalada lilikuwa limefungwa kwa masikio.

Hatua ya 6: Elewa DNA inavyofanya kazi, hata kama hutaigusa wewe

Kipimo cha kawaida cha polisi Marekani hutazama sehemu 20 za DNA na kuuliza swali jembamba: je, mtu huyu, au mzazi wake, yumo kwenye orodha yetu? Mama ambaye hajawahi kukamatwa hayumo. Kipimo cha nasaba husoma mamia ya maelfu ya alama na kuuliza swali pana zaidi: ni nani duniani ana damu moja na mtoto huyu, hata kwa mbali?

Undugu hupimwa kwa sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande vya DNA ambavyo watu wawili wanashiriki. Mzazi na mtoto hushiriki kama 3,400 hadi 3,700. Watoto wa baba mmoja au mama mmoja tu hushiriki wastani wa 1,750 hivi, ila kiasi hicho hicho hutokea kwa bibi na mjukuu au shangazi na mpwa, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Binamu wa kwanza ni wastani wa 870, binamu wa pili 230, wa tatu 70 na kidogo.

Tuseme amejitokeza mtu anayeshiriki sentimogani 230 na mtoto. Huenda yeye na mtoto wana wazazi wa babu au bibi walio sawa. Unapanda mti wa ukoo wake hadi kwa wazee hao, kisha unashuka na kila tawi: watoto wote, wajukuu wote, vitukuu wote. Ni watu wengi mno. Kinachookoa ni mtu wa pili wa upande mwingine. Ukoo wa kwanza na ukoo wa pili vikikutana kwenye ndoa moja au mtaa mmoja kwa mwaka unaofaa, uko karibu. Kazi hii hula miezi, na zaidi pale ukoo unapokuwa na watoto wa kuasili au ndugu waliooana.

Kwa mtoto aliyefariki, si wewe unayepeleka sampuli. Ni polisi au ofisi ya daktari mchunguzi, kupitia maabara. Mashirika kama DNA Doe Project, lililoanzishwa mwaka 2017, hujenga nasaba kwa kujitolea wakishaombwa na vyombo hivyo. Inahitaji subira. Mtoto aliyekutwa Sioux Falls, South Dakota, Februari 1981 alifukuliwa mwaka 2009 ili DNA ichukuliwe, na jibu likaja mwaka 2019.

Hapo kwenye kufukua ndipo ulipo mchango wako mkubwa kuliko yote: kulijua kaburi. Vichanga wasiodaiwa mara nyingi walizikwa kwenye viwanja vya pamoja, bila jiwe, wakati mwingine jeneza juu ya jeneza. Nenda kwenye rejista ya makaburi, hati ya mazishi, vitabu vya parokia, daftari la kampuni ya mazishi. Tafuta safu na namba. Kaburi lisilojulikana mahali pake halifukuliki.

Kama wewe mwenyewe ndiye uliyeokotwa, mlango ni wako. Pima kwenye kampuni za DNA zenye watu wengi, kwa kuwa hujui ndugu zako walipima wapi. Ancestry na 23andMe hazipokei matokeo ya kwingine, kwa hiyo huko lazima upime upya. Kisha hamishia matokeo yako kwenye hifadhidata za nasaba za GEDmatch na FamilyTreeDNA. Jua kwamba hizo mbili za mwisho huruhusu polisi kutafuta humo kwa masharti. Soma masharti, ukubali au ukatae ukiwa na akili timamu. Na siku matokeo yanapofika, usiwe peke yako chumbani.

Hatua ya 7: Waandikie wenye jalada

Barua iwe fupi, yenye jambo moja jipya. Hivi:

"Mheshimiwa, nakuandikia kuhusu mtoto wa kiume aliyekutwa tarehe fulani, jalada namba fulani. Rejista ya makaburi inaonyesha amezikwa safu ya 4, kaburi namba 17, tofauti na safu ya 9 iliyotajwa gazetini. Nimeambatanisha picha za kurasa zote mbili. Naomba kujua: je, sampuli ya mwili au ya blanketi imehifadhiwa? Je, imewahi kupimwa kwa njia ya nasaba? Siombi habari za mtu yeyote anayechunguzwa."

Sentensi ya mwisho ina uzito. Inamwambia afisa kwamba huwindi jina la mtu. Wakikaa kimya miezi mitatu, andika tena kwa upole. Ofisa akihamishwa, anza upya na aliyekuja.

Hatua ya 8: Kamwe usimtaje mtu hadharani

Tarehe 14 Aprili 1984 mwili wa mtoto mchanga wa kiume, aliyechomwa kisu mara nyingi, ulikutwa ufukweni White Strand karibu na Cahersiveen, kaunti ya Kerry, Ireland. Polisi waliuliza ni nani alikuwa mjamzito na sasa hana mtoto. Wakampata mwanamke kijana wa upande mwingine wa kaunti. Kweli alikuwa amejifungua siku zile, na mtoto wake alikuwa amefariki na mwili kufichwa shambani kwao. Yeye akatia saini maungamo ya kumuua mtoto, na ndugu zake wakatia saini maelezo ya kusaidia kuutupa mwili uliokutwa ufukweni.

Kisha mwili wa mtoto wake ukapatikana pale pale shambani, kama alivyosema. Na mtoto wa ufukweni alikuwa na damu ya kundi A, ilhali mwanamke yule na baba wa mtoto wake wote ni kundi O. Wazazi wawili wa O hawazai mtoto wa A. Ungedhani kesi imeisha. Badala yake likaletwa wazo kwamba alizaa mapacha wa baba wawili tofauti. Mashtaka yalifutwa mwaka ule ule, lakini ikafuata tume ya uchunguzi iliyomkalisha siku nyingi akiulizwa mambo ya faragha ya mwili wake mbele ya wanaume. Polisi walimwomba radhi mwaka 2018, baada ya DNA kuthibitisha kwamba hakuwa mama wa mtoto yule. Miaka 34. Mtoto mwenyewe alifukuliwa mwaka 2021 kwa vipimo zaidi.

Hao walikuwa polisi, wana daktari, wana maabara. Wewe una daftari na simu. Ukifikia jina, lipeleke kwa mwenye jalada kwa maandishi, lifute kwenye mazungumzo yako yote, usiwaguse jamaa, usitumie ujumbe wa kumpima mtu. Aliyemwacha mtoto huenda alikuwa na miaka 14. Huenda mimba yenyewe ilikuwa ya kubakwa, au mtoto alichukuliwa na mtu mwingine na mama akaambiwa amekufa. Huenda pia aliua. Mwenye kulipambanua hilo ni mahakama.

Hatua ya 9: Jina likipatikana

Hapa wafuatiliaji wengi huondoka, na kumbe kuna kazi imebaki. Cheti cha kifo kilichoandikwa "kichanga asiyejulikana" kinatakiwa kusahihishwa kwa msajili, na familia ndiyo yenye haki ya kuomba. Hifadhidata zenye picha ya kuchora ya mtoto zinatakiwa kuarifiwa. Machapisho yako ya zamani yenye dhana zilizokosea yaondoe au yasahihishe wewe mwenyewe, moja baada ya jingine.

Na kaburi. Mvulana wa miaka 4 aliyekutwa ndani ya boksi Philadelphia, Februari 1957, alilala chini ya jiwe lililomwita mtoto asiyejulikana wa Marekani, na watu wasiomjua walimletea maua na vitu vya kuchezea kwa miongo. Desemba 2022 polisi wakatangaza jina lake. Jiwe jipya lenye jina hilo lilizinduliwa tarehe 13 Januari 2023, siku ambayo angetimiza miaka 70. Muulize msimamizi wa makaburi ni nani anayeruhusiwa kuweka jiwe, ukubwa gani unakubaliwa, na familia ingependa liandikwe nini. Kama familia inataka kaburi libaki bila maandishi, liache lilivyo.